Fuko wa Pale Mpakani

Juzi mafundi walikuwa wanachimba msingi wa ghala langu jipya hapa Kayanga, sururu ya mmoja wao ikazama ghafla, ikaingia mpaka mpini kama imepigwa kwenye papai lililoiva. Akaichomoa. Harufu ikapanda. Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kiti changu cha plastiki nikiwasimamia, maana saruji isiyosimamiwa huota miguu, na ile harufu ikanifikia pale pale nilipokaa. Ilikuwa ya udongo wa chini ambao haujawahi kuona jua, na ndani yake kiazi kibichi kilichong'atwa, na uchachu kidogo, kama wa nguo ya mtoto mchanga iliyokauka bila kufuliwa.

"Mama, kuna njia ya fuko hapa," kijana akasema. "Tumfanyeje?"

"Chimbeni," nikamwambia. "Mmekuja kuchimba msingi, hamkuja kufuga panya."

Kisha nikaondoka pale, nikaenda kusimama nyuma ya gari nikijifanya natafuta namba kwenye simu. Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa machozi. Shule niliishia darasa la tatu, biashara ya maharage niliianza na debe moja kichwani, na hilo ghala sikupewa na mume wala na benki. Lakini ile harufu, ndugu zangu, ilinikuta sijajiandaa.

Inatoka Igurwa, kwenye kona ya kibanja chetu, shamba letu la migomba, miaka ile ya baada ya vita, wakati sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliana. Nilikuwa na umri wa kubeba mtungi mdogo wa maji bila kumwaga. Mdogo wangu Katabazi alikuwa bado wa mgongoni. Baba yetu, ambaye sisi tulimwita Tata, alikuwa amevuka mpaka kule Murongo na mzigo wa kahawa ya magendo, kama walivyofanya wanaume wengi wakati huo, akiahidi kurudi na chumvi na kitenge. Hakurudi. Hakuna aliyekuja kutuambia amekufa, na hakuna aliyekuja kutuambia yu hai. Mama hakuweza kuvaa msiba na hakuweza kuvaa raha. Nyumbani tukabaki yeye, mimi, Katabazi, na Kaaka, yaani bibi yetu mzaa Tata, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye ulimi ambao ungeweza kumenya ndizi.

Alikuwepo pia baba mdogo, mdogo wake Tata. Yeye hakukaa nasi, ila alikuwa anafika. Alifika kila tulipovuna. Alikuja na magunia yake mwenyewe yamekunjwa kwapani, anaamkia mama yake kwa heshima zote, anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiwepo, halafu anasimama.

"Shemeji, mali ya kaka yangu siwezi kuiacha ikaliwa na panya," alikuwa anasema. "Namtunzia. Siku akirudi ataikuta kwangu."

Na alijua kutafuta. Mahali pote ambapo mwanamke huficha chakula alipajua: chini ya kitanda, ndani ya mtungi uliovunjika, katikati ya nyasi zilizotandazwa ndani ya nyumba, chini ya majivu. Mwaka mmoja alivua viatu akatembea peku kwenye migomba, akisikiliza kwa nyayo ni wapi udongo umechimbwa upya. Alipokuwa anafanya hivyo Kaaka aligeuka akatazama ukuta. Ni mwanawe, atasema nini? Na mama angesema nini, mwanamke ambaye mumewe hajulikani aliko, kwenye ardhi ya ukoo usio wake?

Sasa niwaambie habari za fuko.

Wengi wenu mnaosoma mmekulia mjini, fuko hamumjui. Ni mnyama wa kadiri ya kiatu cha mtu mzima, manyoya laini ya rangi ya kahawia, macho kama mbegu za mtama, na meno ya mbele ya rangi ya chungwa yanayotokeza nje hata akifumba mdomo. Anaishi peke yake. Ukiwaweka wawili pamoja watauana. Anachimba njia chini ya shamba, analifuata tuta la viazi kutokea chini, na wewe uliye juu unaona majani ya kijani, unafurahi, unasema Mungu ametukumbuka, kumbe chini hamna kitu. Anakula kidogo. Vingi anavibeba. Ana chumba chake huko chini, mahali pakavu, anapanga humo viazi na mizizi kwa ajili ya kiangazi, ambacho kwetu tunakiita kyanda, udongo unapokuwa mgumu kama tofali hata yeye hawezi kuuchimba.

Hana mbio na hana pembe, na macho yake ni ya mapambo tu. Anachoweza ni kusikia udongo. Ukikanyaga, anakusikia kwa mashavu, ndivyo Kaaka alivyosema, anajua ni mtu au mbuzi, na ananyamaza mpaka upite. Kitu asichoweza kuvumilia ni upepo. Ukimtobolea njia yake upepo ukaingia, lazima aje kuziba, maana pale penye upepo ndipo atakapoingilia nyoka au nguchiro. Mitego yote ya fuko inategemea jambo hilo moja. Unatoboa, unaweka kitanzi na fimbo iliyopindwa, unakaa mbali. Anakuja mwenyewe kufunga mlango, mlango unamfunga yeye.

Tata alikuwa mtegaji mzuri. Mitego yake ilibaki ikining'inia juu ya jiko, imekuwa myeusi kwa moshi. Na fuko tulikuwa naye, mmoja, kwenye kona ya chini ya kibanja, kule tulikopakana na Mzee Kabyemera. Kila asubuhi vifusi vipya vya udongo vilikuwa vimesukumwa juu. Kaaka alikuwa anavipiga teke.

"Koku, lete mtego wa baba yako," aliniambia. "Huyu mtu anakula kuliko sisi."

Mama akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye jembe, "Huyo mwacheni."

"Nimwache? Amekuwa mkwe?"

"Mwacheni, mama. Shamba ni kubwa."

Shamba halikuwa kubwa. Kaaka alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mama alikuwa mkali kwa kila kitu kinachokula kisicholima, hata kuku wa jirani aliwapiga mawe. Lakini alimwacha fuko. Wakati wa kuvuna viazi alichimba matuta yote isipokuwa yale ya mwisho, ya pale kona, akasema hayajakomaa. Baba mdogo akafika na magunia yake, akachukua. Akayaona yale matuta ya kona, akaingiza mkono, akakuta mashimo matupu chini ya majani mazuri. Akasimama akimtazama mama kama mtu anayetazama mbuzi kilema.

"Shemeji, wewe umewalimia panya," akasema, akaondoka akicheka, na tukamsikia anacheka hadi barabarani.

Mwaka ule kyanda hakikuisha. Mwezi wa mvua ulifika, mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa, yakasimama juu ya vilima vya Kiruruma, yakatutazama, yakarudi. Migomba ilikuwa imeshatobolewa na wadudu shinani tangu zamani, sasa na jua likaongeza lake. Mikungu ilitoka midogo, vidole vyembamba, ukimenya unabaki na uzi. Tulikula hivyo vidole, kisha tukala moyo wa mgomba uliochemshwa mara mbili kuondoa ukakasi. Watu walianza kufunga milango wakati wa kula, na hapo kwetu ndipo unapojua kwamba mambo yameharibika, maana kwa sisi Wanyambo kufunga mlango wakati wa kula ni aibu ya kuhamia kijiji kingine.

Katika nyumba yetu kulikuwa na maharage ya mbegu, yamefungwa kwenye majani makavu ya mgomba juu ya jiko. Baba mdogo hakuyachukua, kwa sababu hata mwizi anajua mbegu ni mbegu. Mama alikuwa ameapa hayataliwa. Mvua ikinyesha hatuna mbegu, tutakuwa tumekufa tu kwa kuchelewa.

Katabazi alianza kubadilika. Nywele zikawa nyekundu na laini kama za mahindi machanga. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, linakutazama. Aliacha kulia. Nyumba ya mtoto asiyelia, sijui niielezeje. Nilikuwa namfinya kidogo mama asipoona, ili atoe sauti. Kaaka aliyatazama maharage ya mbegu, akamtazama mtoto, akamtazama mama, na kesho yake ikawa vilevile.

Kisha asubuhi moja mama akachukua majembe mawili, akanipa dogo.

"Twende kwa fuko," akasema.

Kosa tulilolifanya kwanza ni kosa ambalo mtu wa kwetu yeyote angelifanya. Tulichimba chini ya kifusi kikubwa kuliko vyote. Tulifikiri kwamba palipo na udongo mwingi ndipo penye nyumba, na penye nyumba ndipo penye ghala, kama ilivyo kwa wanadamu, tajiri ana ua mkubwa. Tulichimba mpaka jua likawa kichwani, udongo ule mgumu, jembe linadunda linakurudishia mikono. Mama alikuwa anasimama kila mara akishika goti, akisubiri giza limtoke machoni. Tukafika. Kulikuwa na chumba kweli. Kilikuwa choo chake.

Kaaka, aliyekuwa amekaa na Katabazi kwenye kivuli, alituuliza tumepata nini. Mama akamwonyesha kwenye kiganja.

"Basi anakula vizuri," Kaaka akasema.

Tulicheka, sote watatu, kicheko kile kibaya ambacho kinachukua nguvu uliyokuwa umebakiza. Halafu mama akaketi chini kwenye shimo, akafunika uso kwa mikono yenye udongo, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Sikuwahi kumwona hivyo, na sikumwona tena hivyo mpaka anakufa.

Ni Kaaka aliyesema, "Muulizeni mwenyewe."

Alimaanisha tumwache fuko atuonyeshe. Tukatoboa njia yake sehemu mbili, mbali na mbali. Mama akaniambia nilale kifudifudi, kidevu ardhini, nisipumue ovyo. Yeye akarudi nyuma, akamchukua Katabazi mgongoni, wakakaa mbali pamoja na Kaaka, kimya kabisa, maana hata kikohozi fuko anakisikia. Nililala pale jua likinichoma visigino. Njaa ilikuwa inapiga masikioni kama ngoma ya mbali, niliogopa fuko ataisikia. Nikasubiri. Tundu la kwanza likakaa wazi. Kwenye la pili udongo ukatetemeka, kama chai inavyotetemeka kikombeni mtu akipita, ukasukumwa kidogo, ukasukumwa tena, na nikaona paji la uso la kahawia na yale meno ya chungwa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Tundu likazibwa.

Upande alioziba ndiko aliko. Tukasogea upande ule, tukatoboa tena mbili. Akaja akaziba. Tukasogea. Ilikuwa kama kumfuata mtu gizani kwa kusikiliza milango anayoifunga. Maskini, kila alipojilinda alitwambia njia. Tulikwenda hivyo mchana wote na asubuhi iliyofuata, tukishuka kwenye kona, tukipita chini ya yale matuta matupu, mpaka tulipofika mahali ambapo mama alisimama akaacha jembe likaning'inia mkononi.

Njia ilikuwa inaingia chini ya mlamula.

Mlamula ni ule mti wa majani marefu membamba tunaoupanda kwenye mipaka ya vibanja. Haukatwi, haung'olewi, na jembe halifiki karibu na shina lake. Ule wa kwetu ulipandwa na babu yake Tata na baba yake Mzee Kabyemera, wazee wakishuhudia. Ukionekana na jembe chini ya mlamula, huhitaji kusema chochote, umeshahukumiwa: unahamisha mpaka. Kuna watu waliofukuzwa kijijini kwa ajili hiyo, na hao walikuwa wanaume wenye ukoo nyuma yao. Mama hakuwa na mtu nyuma yake isipokuwa mtoto aliyevimba miguu.

"Kamwombe ruhusa," Kaaka akasema.

"Akikataa?"

Mzee Kabyemera hakuwa mtu mbaya, nataka hilo mlielewe. Alikuwa mtu wa haki. Alikuwa na shamba la bondeni lenye unyevunyevu, viazi vyake havikukauka, na hakumpa mtu wala hakumwibia mtu. Mtu wa namna hiyo ukimwomba anakataa, kisha anaweka mlinzi.

Mama akatazama mgongoni kwake. Akaniita.

"Koku, wewe ni mwembamba. Usiguse mzizi hata mmoja. Ingia kama yeye."

Nikalala kifudifudi upande wetu wa mpaka, nikachimba kwa kisu cha kumenyea ndizi na kucha, nikiingia ubavuni, chini ya mizizi ya mlamula. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Huko ndani ndipo nilipokutana na ile harufu mara ya kwanza, harufu ya Kayanga, ikanijaa puani nikaona kama naila. Mkono wangu ukagusa kitu cha mviringo, baridi, kilichopangwa juu ya kingine. Nikapiga kelele nikiwa chini, udongo ukanijaa mdomoni. Na fuko alikuwepo. Alinikamata kidole hiki cha shahada, akakata mpaka mfupa, alama yake ninayo hata leo, na wateja wangu hudhani ni mashine ya kukoboa. Sikukitoa kidole. Nilitoa kiazi.

Tulikuwa tumeshatoa rundo la kutosha nilipoona, kwa mwanya wa kwapa, viatu vya mpira vimesimama upande wa pili wa mlamula.

"Shikamoo, Mzee," nikasema kutoka ardhini.

"Marahaba. Toka humo."

Nikajitoa. Mzee Kabyemera alikuwa amesimama na fimbo yake, akitazama shimo, si sisi. Aliuzunguka mti polepole, akainama, akahesabu mizizi kwa macho.

"Mama Koku," akasema, "mpaka unakwenda wapi leo?"

"Hauendi popote, Mzee. Tunatoa vyetu."

"Vyako vimeingiaje chini ya mlamula?"

"Fuko."

"Fuko." Alilionja lile neno. "Na fuko huyo, anapotoka kwako, hajui njia ya bondeni kwangu?"

Mzee akachuchumaa. Kwake bondeni alilima viazi vyekundu tu, na sisi tulilima vyeupe, kila mtu Igurwa alijua hivyo. Akaanza kuvitenga. Chekundu huku, cheupe kule. Mzee mwenye mvi, na koti lake la Kanisa, amechuchumaa juani anatenga viazi vya panya. Vingine vilikuwa vimeng'atwa hata ganda halionekani. Hivyo alivikwaruza kwa kucha, akavitazama juani, akaamua. Kila chekundu kilipoangukia upande wake nilisikia kama ameking'oa mdomoni mwa Katabazi.

Alipomaliza, vyekundu vilikuwa konzi chache. Vyeupe vilikuwa rundo. Akayatazama marundo hayo mawili kwa muda mrefu, halafu akamtazama mama.

"Fuko huyu alikuwa anakula kwako kuliko kwangu," akasema. "Na kwangu ndiko kwenye viazi."

Mama alitazama chini. Mimi nilidhani ni aibu.

Mzee akakunja vyekundu vyake kwenye pindo la koti, vyote. Akasema shimo lizibwe kabla jua halijazama na udongo ushindiliwe. "Na mti huu ukilala kwa ajili ya shimo lenu," akasema, "pale kitakapolala kichwa chake ndipo patakapokuwa mpaka. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Alipoondoka, Kaaka akasema mle shimoni bado kuna vidogo, tumwachie fuko mwenyewe. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekumbusha kufunga zizi. Mama alikuwa ameshapiga magoti. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyajua.

"Ingia tena," akasema. "Na vile vidogo. Vyote."

Nikaingia, nikavitoa vyote. Fuko hakuniuma tena. Alikuwa amejisogeza nyuma kwenye ukuta wa chumba chake, nikimsikia anavyotetemeka kwenye udongo, na meno yake yanagongana taratibu, tk, tk, tk.

Usiku ule Katabazi alikula uji wa kiazi kilichopondwa, kidogo kwa ncha ya kidole, kidogo tena. Alikitapika cha kwanza. Cha pili kikakaa. Alilia alfajiri, kilio chembamba cha njaa ya kawaida, na Kaaka akasema, "Sikilizeni huyo mchokozi," akageukia ukutani, na sikumwona uso.

Siku chache baadaye nilikuwa nafagia uani nikamwona fuko juani. Juu ya ardhi, mchana kweupe, kitu ambacho fuko hafanyi. Alikuwa anatembea moja kwa moja, pua chini, bila kujificha, anapita katikati ya ua kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi. Mama alikuwa mlangoni. Akamwona. Hakusema "mwacheni" wala hakusema "muueni". Mwewe alishuka kutoka kwenye mikaratusi, sikusikia hata mabawa, na pale alipokuwa fuko pakabaki vumbi linaloshuka. Mama akaingia ndani. Nilisikia anapanga vyungu vilivyokuwa vimeshapangwa.

Mvua ilikuja imechelewa, ikaja yote kwa pamoja. Tulipanda yale maharage, tukaanza kula majani yake kabla hayajachanua, na Katabazi akasimama kwenye miguu yake. Sasa ni dereva wa lori, ana kitambi, huwezi kumwambia habari hizi akaamini. Mlamula ulilegea kwenye matope, ukainama siku kadhaa, kisha ukalala upande wetu, urefu wake wote. Mzee Kabyemera alikuja na wazee, wakapanda mwingine pale kichwa kilipolala. Ile kona ikawa yake. Mama alisimama akatazama wanavyoshindilia udongo, akawaambia asanteni.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama habari ya bahati. Nilisema Mungu alituwekea panya. Mpaka mume wangu alipofariki, na ndugu zake wakafika kwangu na kalamu masikioni, wakaingia ghalani wakitembea kati ya magunia kwa heshima zote, wakisema wanamtunzia marehemu. Nilisimama mlangoni nikawatazama wanavyogonga kuta kusikiliza kama kuna uwazi nyuma. Na hapo, mtu mzima mwenye wajukuu, ndipo nilipoyaona yale matuta ya kona ambayo hayakukomaa.

Fuko alichagua chini ya mlamula kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo jembe haliji. Mama alikuwa amemtazama miezi yote ile, vifusi vyake vinakoelekea, ingawa chumba chenyewe hakukijua, akalima mpaka mlangoni kwake, akamwachia viazi vyeupe, vingi, akijua baba mdogo atatafuta kila mahali ambapo mwanamke huweka, wala hatatafuta mahali ambapo mnyama huweka. Mzee Kabyemera alilitambua pale pale juani, akiwa na marundo mawili mbele yake, na kwa haki yake ile kavu hakumwambia mtu. Sisi tuliokula ndio hatukutambua. Kaaka alikufa akidhani mama alikuwa na huruma na wanyama.

Hakuwa na huruma. Alikuwa anaweka. Na siku aliyokuja kuchukua, alichukua mpaka vile vidogo, kisha akasimama mlangoni akamwona mwenzake anatembea juani.